Vijana na Mahali pa Watu Wote: Habari za Mtera na Ugogo Tangu Zama za Visima vya Mchangani

Mtera ni mahali palipo mpakani mwa nchi ya Wagogo na nchi ya Wahehe, kusini ya mji wa Dodoma, hapo barabara iendayo Iringa inapouvuka Mto Ruaha Mkuu. Leo jina hilo humkumbusha msikiaji bwawa la umeme, samaki wa perege na kambale, na mabasi yanayosimama ili abiria wapate kununua kitoweo. Lakini nchi hiyo ilikuwa na mahali pake pa watu wote kabla ya bwawa kujengwa, na katika kila zama kazi ya kupatengeneza mahali hapo iliangukia mabega ya vijana. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi kazi hiyo ilivyobadilika, na kuyapima maneno ya Kiswahili yaliyotumika kuitaja, yaani shuruti, kujitolea, na kushirikishwa. Kwa maana historia ya maneno hayo matatu ndiyo, kwa sehemu kubwa, historia ya vijana wenyewe.

I. Kisima, mbuyu na njia

Uwanda wa kati wa Tanzania ni nchi kame. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, tangu mwisho wa mwaka hata mwezi wa Aprili, na baada ya hapo mito mingi hukauka juu, maji yakabaki chini ya mchanga. Kwa hiyo mahali pa kwanza palipowakutanisha watu wa kaya mbalimbali palikuwa ni kisima kilichochimbwa katika mchanga wa mto. Kila kiangazi kilivyozidi, ndivyo kisima kilivyohitaji kuchimbwa zaidi, na kazi ya kushuka, kuchota na kupokezana maji hata yafike penye ng'ombe yataka nguvu ambazo mzee hana. Hapo ndipo kijana alipoonekana kuwa mtu wa maana.

Thamani ya maji hayo yajulikana pia kwa habari za misafara. Katika karne ya 19 njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, na wenye misafara walilazimika kuwatolea watemi hongo ili wapate ruhusa ya kupita na maji ya kunywa. Wasafiri wa Kizungu walilalamika sana juu ya hongo hiyo, wakaiita unyang'anyi. Lakini atazamaye kwa upande wa wenyeji aona jambo jingine. Kisima hakikuwa kitu cha bure kilichotokea chenyewe. Kilikuwa ni kazi ya mikono, na msafara wa mamia ya watu waliokuja kwa siku moja uliweza kuyamaliza maji ya mifugo ya kijiji kizima.

Mahali pa pili palikuwa ni kivuli cha mti mkubwa, aghalabu mbuyu, watu walipoketi kusikiliza mashauri. Mahali pa tatu palikuwa ni njia ya ng'ombe, ambayo ilibidi iachwe wazi kati ya mashamba ili mifugo ifike machungani na majini. Mzee Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ugogo na mshairi mashuhuri, aliyeandika kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichochapishwa mwaka wa 1954, na mtaalamu Peter Rigby, aliyetoa kitabu chake juu ya ng'ombe na ujamaa wa Wagogo mwaka wa 1969, wote wawili waonyesha jinsi maisha ya watu hao yalivyofungamana na mifugo. Na penye mifugo hapakosi vijana.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba zama hizo zilikuwa za usawa. Kijana alichimba kisima, lakini neno la mwisho juu ya matumizi yake lilikuwa la wazee. Akaketi kivulini, lakini pembeni. Tofauti moja tu ndiyo ya kukumbukwa: faida ya kazi yake aliiona kwa macho yake, tena siku ile ile, ng'ombe wa baba yake walipokunywa. Jasho na maji vilikuwa mahali pamoja. Katika zama zilizofuata vitu hivyo viwili vilitengana.

II. Zama za shuruti

Serikali ya Wadachi ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka wa 1898, na asiyekuwa na fedha aliweza kutakiwa alipe kwa kazi. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka wa 1910, na pamoja nayo boma, soko na barabara. Haya yote yalikuwa mahali pa watu wote kwa jina; lakini wale walioyatengeneza hawakuulizwa kama wayahitaji, wala yawekwe wapi. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, wanaume wenye nguvu walichukuliwa kuwa wapagazi, ng'ombe na nafaka vikatwaliwa kulisha majeshi, na ukame ulipoongezeka ikatokea njaa kuu ambayo Wagogo huikumbuka kwa jina la Mtunya. Katika miaka hiyo, tangu 1917 hata 1920, visima na njia vilikosa watu wa kuvitunza, kwa kuwa vijana walikuwa wamekufa, au wamehama, au hawajarudi.

Waingereza walipokuja na utaratibu wa kutawala kwa kupitia wakuu wa wenyeji, sheria ya mwaka wa 1926 iliwapa wakuu hao uwezo wa kutoa amri kwa watu wao, zikiwamo amri za kazi za manufaa ya wote. Hapa pana jambo la kuangaliwa na wenye kushughulika na lugha. Kazi ya kufyeka barabara na kazi ya kuchimba kisima huweza kuwa sawa kwa jembe na kwa jasho. Lakini moja iliitwa kazi ya shuruti, na nyingine haikuwa na jina maalumu, kwa sababu ilikuwa ni sehemu ya kuishi tu. Jina hutokea pale kazi inapojitenga na maisha ya mtendaji.

Matokeo ya shuruti yalionekana wazi mwaka wa 1955 katika milima ya Uluguru, mashariki ya Ugogo, watu walipoupinga kwa nguvu mpango wa serikali wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Matuta hayo yalikuwa na nia njema, nayo ardhi ilikuwa ikiharibika kweli. Kilichokataliwa si jembe. Kilichokataliwa ni amri iliyokuja pamoja na jembe bila ya shauri. Fundisho hilo ni la kuwekwa akilini, maana wengi waliokuja baadaye walilisahau.

III. Zama za kujitolea

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, mwito wa Uhuru na Kazi ulienea nchini kote. Watu walijenga madarasa, zahanati, barabara na visima kwa mikono yao, na neno lililotawala likawa kujitolea. Muundo wa neno hili wastahili kutazamwa. Mzizi ni toa. Kiambishi -ji- chaonyesha kwamba anayetoa na kinachotolewa ni mtu yule yule. Na kauli ya kutendea yaonyesha kwamba hutolewa kwa ajili ya kitu au mtu. Neno lenyewe basi lataka mambo mawili: hiari ya mtoaji, na lengo analolijua. Likikosekana moja, linabaki neno tupu juu ya kazi ya shuruti.

Miaka kumi ya kwanza ya Uhuru yaonyesha pande zote mbili. Mwishoni mwa mwaka wa 1960 vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, karibu na Songea, na kutokana na kijiji hicho kikatokea Chama cha Maendeleo ya Ruvuma. Huko watu walikutana, wakaamua wenyewe kazi ya siku na mgawanyo wa mapato, wakajenga shule iliyofundisha watoto maisha ya kijiji chao. Mwalimu Julius Nyerere aliusifu mfano huo. Walakini mwezi wa Septemba 1969 chama kilivunjwa kwa amri ya uongozi wa TANU. Vijana waliokuwa wameitwa wajitolee waliambiwa sasa kwamba wamejitolea kupita kiasi, kwa vile walitaka na kuamua.

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, nalo mwanzoni lilikuwa la vijana wa hiari. Mwaka wa 1966 sheria ikawalazimu wahitimu wa shule za sekondari na vyuo kuingia. Tarehe 22 Oktoba mwaka huo wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam kuyapinga masharti, na zaidi ya 300 walifukuzwa masomoni. Tukio hilo huelezwa aghalabu kama ugomvi baina ya wasomi wenye choyo na taifa maskini, na Mwalimu mwenyewe alijipunguzia mshahara siku hizo ili kuonyesha kwamba wakubwa nao wajinyime. Maelezo hayo yana ukweli wake. Lakini pana swali lililobaki bila jibu: je, neno kujenga taifa lina maana ile ile hiari inapoondoka? Jeshi hilo liliendelea. Mafunzo ya lazima yalisimamishwa mwaka wa 1994 na kurudishwa mwaka wa 2013.

Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, likafuatwa mwezi wa Machi na siasa ya Elimu ya Kujitegemea, kila shule ilitakiwa iwe na shamba au kazi ya uzalishaji, na wanafunzi washiriki katika kupanga kazi hiyo na matumizi ya mapato yake. Katika shule nyingi sehemu ya kwanza ya agizo ilitimizwa, na ya pili ikasahauliwa: wanafunzi walilima, walimu wakapanga. Mwaka uliofuata, 1968, Mwalimu aliwaomba washairi wasaidie kueneza mafundisho ya Azimio, na Mnyampala akautia nguvu utungo wa ngonjera, ambao wanafunzi waliusema kwa kujibizana mbele ya hadhara. Kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka wa 1970, mtungaji akiwa amekwisha kufariki mwaka mmoja kabla. Uwanja wa shule na uwanja wa mikutano ukawa ndio mahali ambapo sauti ya kijana ilisikika. Sauti ilikuwa yake. Maneno yalikuwa ya mtu mzima. Katika ngonjera nyingi yule aliyekosea huishia kukubali, na mjadala hufungwa kabla ya hadhara kutawanyika.

Kwa watu wa Dodoma jambo kubwa kuliko yote lilikuwa ni operesheni ya mwaka wa 1970 na 1971. Baada ya ukame na njaa ya 1969, watu zaidi ya laki mbili walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa kwa muda mfupi. Mwalimu alikaa Chamwino, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Uwanja mpya ukapatikana, wenye nyumba za mstari, shule, na mahali pa mkutano. Lakini kisima cha mchangani, mbuyu wa mashauri na njia ya ng'ombe vilibaki nyuma. Na vile vipya vilichorwa na watu wasiokuwa wa hapo. Kijana wa Kigogo alihamia mahali pa watu wote pasipokuwa na kumbukumbu ya mtu yeyote.

IV. Bwawa na ufuko usiotulia

Mwaka wa 1973 TANU iliazimia makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa. Ramani kuu ya mji, iliyotayarishwa na kampuni ya Toronto, Kanada, na kutolewa mwaka wa 1976, iliacha nafasi kubwa za miti na viwanja vya wazi. Mwaka ule ule wa 1973 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao mwaka wa 1979 uliwaondoa mifugo katika maeneo yaliyoharibika ya Kondoa, na mwaka wa 1986 ukafanya hivyo Mvumi. Ardhi ilipata nafuu, majani yakarudi. Lakini vijana waliokuwa wachungaji walikuta kazi yao imeondoka pamoja na ng'ombe.

Katika miaka hiyo ndipo bwawa la Mtera lilipojengwa. Lilikamilika mwaka wa 1980, kwanza kwa ajili ya kuweka akiba ya maji ya kituo cha Kidatu kilicho chini ya mto. Kituo cha Mtera chenyewe, chenye mitambo miwili ya megawati 40 kila mmoja, kilianza kazi mwaka wa 1988. Maji ya Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo yalilijaza bonde, yakafunika malisho na mashamba, na ziwa likijaa hufikia eneo la kilomita za mraba 600 na zaidi. Wavuvi wakaja kutoka sehemu nyingine za nchi, na Wagogo na Wahehe waliokuwa wachungaji na wakulima wakajifunza nyavu na mitumbwi. Hapo palipokuwa njia ya kupita pakawa mji mdogo wa mwalo, soko na kituo cha mabasi. Na barabara ilipowekwa lami katika muongo wa 2010, biashara ya kando ya njia ikazidi.

Mahali pa watu wote pa Mtera pana tabia moja isiyopatikana penginepo. Usawa wa maji waweza kupanda hata mita 698.5 juu ya bahari, na kushuka hata mita 690, ambao ndio mwisho wa kuendeshea mitambo. Kwa kuwa bonde ni pana na la mteremko mdogo, mita chache za kimo huwa ni mwendo mrefu wa ufuko. Mwaka wa ukame, kama ule wa 2015 ambapo mwezi wa Oktoba mitambo ya maji nchini ilizimwa, mwalo wa jana huwa uwanja wa vumbi mbali na maji, na mahali pakavu pakalimwa. Mvua ikirudi, shamba huwa ziwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka wa 2004 yakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Lakini ukingo wenyewe huhama. Ni nani ajuaye, katika mwezi fulani, choo kijengwe wapi kisije kikaingia ziwani, kichanja cha samaki kiwekwe wapi, taka zitupwe wapi, na njia ya ng'ombe kwenda majini ipite wapi? Ramani ya ofisini haijui. Ajuaye ni yule apitaye hapo kila alfajiri: kijana mvuvi, binti achotaye maji, mchungaji.

Na hata hivyo, katika zama hizo hizo, sheria iliyajibu matatizo ya vijana wa mijini kwa njia nyingine. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka wa 1983 iliwapa wakuu uwezo wa kuwakamata watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi na kuwapeleka vijijini. Kijana aliyeketi uwanjani hakuonekana tena kuwa mtengenezaji wa mahali pa watu wote. Alionekana kuwa ndiye uchafu wa mahali hapo.

V. Zama za kushirikishwa

Tangu miaka ya 1990 neno jipya limetawala katika maandishi ya serikali na ya mashirika, nalo ni kushirikishwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka wa 1991, wampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Mwaka wa 1992 Roger Hart aliandika juu ya ngazi ya vidato vinane, vya chini vikiwa ni kumtumia mtoto kama chombo au pambo, vya juu vikiwa ni kuanzisha jambo mwenyewe na kuamua pamoja na wakubwa. Sera ya vijana ya Tanzania ya mwaka wa 2007 yamhesabu kijana kuwa ni mtu wa miaka 15 hata 35.

Mzizi wa neno ni shiriki, lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni kuwa na fungu katika kitu. Kutokana nalo twapata shirika na ushirika. Anayeshiriki ana fungu lake. Anayeshirikishwa amepewa fungu hilo na mwingine, na kauli ya kutendwa haimtaji mpaji. Mpaji asiyetajwa aweza pia kulitwaa tena alilolitoa. Hapo ndipo udhaifu wa zama hizi ulipo. Tangu Desemba 2015, sherehe za Uhuru zilipogeuzwa kuwa siku ya usafi, na usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ukafuata, vijana wameitwa mara nyingi washike mafagio. Desemba 2017 ulianza mwito wa kuifanya Dodoma kuwa ya kijani, na wanafunzi wengi wamepanda miti. Kazi hizo ni njema. Lakini kufagia si kuamua soko likae wapi, wala kupanda mti si kuamua ni nani atakayeumwagilia maji mwezi wa Septemba. Nayo nchi ya Ugogo huua mti wa Desemba usiopata maji ya Septemba.

Mfano wa jinsi jambo liwezavyo kuwa vingine wapatikana Nairobi. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare kilianzishwa mwaka wa 1987, na katika ligi zake timu hupata pointi si kwa magoli tu, bali pia kwa kusafisha mitaa. Muhimu zaidi ni kwamba vijana wenyewe huchagua viongozi wa maeneo yao na kuendesha mashindano. Kusafisha mtaro hapo si adhabu wala pambo. Ni sehemu ya mchezo ambao kanuni zake wanazimiliki wanaocheza. Jasho na maji, kama katika kisima cha zamani, vimerudishwa mahali pamoja.

Mtera haikukosa njia za kisheria. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka wa 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na halmashauri ya kijiji ni ya watu 15 hata 25. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka wa 1999 yaupa mkutano huo nafasi katika kutenga ardhi ya matumizi ya wote. Chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka wa 2003 vikundi vya wavuvi vyaweza kusimamia mialo. Mwaka wa 2018 halmashauri zilitakiwa kisheria zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 kati ya hizo ikiwa ya vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka wa 2023, ikarudishwa 2024. Lakini mkopo ni wa biashara ya kikundi. Hauchimbi choo cha soko. Na kijana wa miaka 16, ambaye sera yamwita kijana na ambaye hubeba makasha ya samaki mwaloni kila siku, hana kura katika mkutano uamuao mwalo huo utakuwaje.

Kwa muhtasari, vijana wa Mtera na wa Ugogo hawakuwa wavivu katika zama yoyote kati ya hizi. Walichimba visima, wakafyeka barabara, wakafyatua matofali, wakalima mashamba ya shule, wakafagia masoko. Kilichobadilika ni umbali kati ya mkono ufanyao na kinywa kiamuacho. Katika kisima umbali huo ulikuwa mfupi, ingawa kinywa kilikuwa cha mzee. Katika zama za shuruti ulikuwa mrefu kabisa. Katika zama za kujitolea ulifupishwa Litowa, kisha ukarefushwa kwa amri. Zama za kushirikishwa zitahukumiwa kwa kipimo hicho hicho, wala si kwa idadi ya mafagio. Jambo dogo laweza kuanzia Mtera: kabla ya kila msimu, mkutano wa kijiji uwasikilize kwanza wale wapitao ufukoni alfajiri, pamoja na wale ambao bado hawana kura, ndipo mahali pa mwalo na choo na njia ya ng'ombe paamuliwe. Haihitaji fedha nyingi. Yahitaji wazee wakubali kwamba ziwa lililohamisha ufuko limehamisha pia ujuzi, na kwamba ajuaye maji yalipo leo ndiye astahiliye kusikilizwa leo.